Linameza ndoo ngapi? Fedha za ushindani na biashara zinazozaliwa vyuoni

Sanduku lilikuwa limeegeshwa nyuma ya karakana, limefunikwa turubai la bluu, ubavuni lina stika tatu za mashindano matatu tofauti. Ni kikaushio cha samaki cha sola: fremu ya mbao, kioo juu, trei nne za wavu na feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu. Kijana aliyekitengeneza ni mhitimu wa uhandisi wa chuo kimojawapo cha Dar es Salaam, na alinieleza habari zake kwa ufasaha wa mtu aliyekwisha kusimama mbele ya majaji mara nyingi. Alijua ukubwa wa soko la dagaa Afrika Mashariki. Alijua malengo ya maendeleo endelevu yanayoguswa na mradi wake, na namba zake. Siku tulipolipakia sanduku kwenye kirikuu na kulipeleka Kunduchi, mama mmoja anayeanika dagaa pale pwani alilizunguka mara mbili, akagonga kioo kwa kucha, akauliza:

"Mwanangu, hili linameza ndoo ngapi kwa siku?"

Kijana alinyamaza. Kwenye mashindano yote matatu hakuna jaji aliyemuuliza hivyo.

Nimelikumbuka swali la yule mama mara nyingi, maana ndani yake mna ubishi mzima wa sera ya fedha za ushindani vyuoni. Tunaambiwa kwamba vyuo vikishindania fedha vitaamka, vitabuni, vitazaa kampuni. Mara nyingine huwa hivyo kweli. Lakini fedha za aina hii zina tabia moja isiyosemwa sana: zinampa mbunifu mteja wa kwanza, na mteja huyo ni mfadhili. Kijana anajifunza kumuuzia yeye kabla hajajifunza kumuuzia mtu mwingine yeyote.

Tutenganishe mafungu kwanza, kwa sababu watu huyachanganya. Chuo kikuu cha umma hapa nchini kinakula kutoka vyungu kadhaa. Mishahara inatoka Hazina. Ada kwa sehemu kubwa inapitia Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Kuna miradi mikubwa ya maendeleo kama HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, ambao ndio unaojenga majengo unayoyaona yakichomoza kwenye kampasi nyingi. Huo ni mkubwa, lakini wanufaika wake waliainishwa mapema na kila kimoja kikajua fungu lake. Chungu cha mwisho ndicho tunachokizungumzia: fedha ambazo hupewi kwa sababu upo. Tangazo linatoka, mnaandika andiko, jopo linasoma, wachache wanachukua na wengi wanarudi mikono mitupu. Kwa upande wa serikali, mlango unaojulikana zaidi ni mfuko wa MTUSATE ulio chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama kwenye kituo ambacho makonda wanakiita Sayansi. Kwa upande wa wafadhili wa nje, milango ni mingi na inafunguka na kufungwa kila mwaka.

Kwa nini watunga sera wanapenda ushindani? Hoja zao si za kipuuzi. Fedha ni chache, kwa hiyo lazima kuwe na namna ya kuchagua. Na namna nyingine ya kuchagua tumeionja: fedha zinakwenda kwa anayejuana na mtu. Andiko lililosomwa na watu wasiokufahamu, hata likikataliwa, lina heshima yake. Siombi turudi kwenye ule utaratibu wa "nani kakuleta".

Mafanikio nayo yapo, tena makubwa. Marekani ilipitisha mwaka 1980 sheria ya Bayh-Dole, iliyoviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za utafiti za serikali kuu. Miaka kumi na kitu baadaye, pale Stanford, wanafunzi wawili wa uzamivu, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wakifanya kazi iliyounganika na mradi wa maktaba za kidijitali uliofadhiliwa kwa ruzuku ya ushindani. Kilichozaliwa kikaitwa Google. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya mbinu ya kupanga kurasa ilikuwa ya chuo, chuo kikachukua hisa badala ya fedha taslimu, na kufikia 2005 kilikuwa kimeziuza kwa takriban dola milioni 336. Hadithi hii husimuliwa katika kila semina ya ubunifu, na ndiyo inayowatia viongozi wetu ndoto. Msimulizi huwa haongezi kwamba ruzuku ile ilitolewa kwa ajili ya maktaba. Hakuna aliyewadai wale vijana mpango wa biashara.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani ninaoupenda zaidi kuliko hadithi ya Google, kwa kuwa unapima badala ya kusifia. Sabrina Howell, mchumi, alizifuatilia kampuni zilizoomba ruzuku za awamu mbili za Wizara ya Nishati na kuwalinganisha waliopenya chupuchupu na waliokosa chupuchupu. Ruzuku ya kwanza, takriban dola 150,000, iliongeza karibu maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji baadaye. Ruzuku ya pili, kiasi cha dola milioni 1, haikuonyesha faida ya kulinganishwa na hiyo. Ile ndogo ilimwezesha mvumbuzi kutengeneza kifaa cha kwanza na kugundua kama kinafanya kazi. Kwa Kunduchi, hiyo ndiyo fedha ya kujua sanduku linameza ndoo ngapi.

Sasa tazama matangazo yetu yanavyokuja. Mengi yanapenda kiasi kikubwa, kwa muda mfupi, kwa sekta iliyochaguliwa na mtoaji. Mfuko wa HDIF, uliofadhiliwa na Uingereza kwa pauni milioni 40 kati ya 2013 na 2021, ulifanya kazi ya kuheshimika hapa nchini, na wiki ya ubunifu iliyokuja kuwa desturi ya mji huu ilikua mikononi mwake. Lakini sekta zake zilikuwa afya, elimu, na maji na usafi. Ni haki yake, fedha ni zake. Aliyekuwa na wazo la ngozi au la dagaa ilimbidi asubiri mlango mwingine, au alivalishe wazo lake joho la afya. Nimewaona vijana wakifanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Kikaushio cha dagaa mwaka huu ni mradi wa lishe ya watoto, mwakani ni mradi wa tabianchi, mwaka wa tatu ni uwezeshaji wa wanawake. Sanduku ni lile lile, na wavu bado ni trei nne.

Muda unaoliwa na maandiko

Gharama ya kwanza ya ushindani haionekani kwenye bajeti yoyote. Mwaka 2012 watafiti wa afya nchini Australia walipeleka maandiko 3,727 kwenye mfuko mmoja wa taifa. Waliokokotoa baadaye walikuta kwamba kuyaandika kulikula takriban miaka 550 ya kazi ya watafiti, na karibu manne katika kila matano yalikataliwa. Miaka mia tano na hamsini! Na hao ni watu wenye ofisi za kuwasaidia kuandika.

Huku kwetu andiko linaandikwa usiku, na mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi mia tatu na rundo la karatasi za mtihani sebuleni. Linataka jedwali la matokeo tarajiwa, bajeti kwa dola, barua ya uongozi wa chuo yenye saini ambayo mwenyewe kasafiri Dodoma, na yote yapakiwe kabla ya saa sita usiku kwenye tovuti inayogoma saa tano na nusu. Chuo chenye ofisi nzuri ya utafiti hubeba mzigo huo kwa niaba ya watu wake. Kisicho nayo kinamwachia mtu mmoja, na mtu huyo akichoka, idara nzima imeshindwa.

Gharama ya pili ni ile ambayo waumini wa Mathayo wanaifahamu: mwenye nacho ataongezewa. Mwanasosholojia Robert Merton aliipa jina la mtume huyo mwaka 1968 alipoona wanasayansi mashuhuri wakizidi kupewa sifa hata kwa kazi zinazolingana na za wengine. Miaka 50 baadaye, watafiti wa Uholanzi waliangalia vijana walioomba ruzuku ya mwanzo ya taifa lao. Waliopata kwa alama chupuchupu, ndani ya miaka minane iliyofuata walikusanya fedha za utafiti zaidi ya mara mbili ya waliokosa chupuchupu, ingawa alama zao zilikuwa karibu sawa. Sababu mojawapo ndiyo inayouma: wengi wa waliokosa waliacha kuomba tena. Nikisoma hapo huwa namfikiria binti wa mwaka wa tatu anayeshindwa shindano lake la kwanza, anarudi bwenini Mabibo na mabango yake yamekunjwa kwapani, na anahitimisha kwamba wazo ni baya. Pengine wazo lilikuwa zuri na jopo lilikuwa limechoka.

Lakini tusiifanye sheria ya chuma. Benki ya Dunia ilipoitisha ushindani wa vituo vya umahiri Afrika Mashariki na Kusini, uliopitishwa 2016, Tanzania ilipata vituo vinne: viwili SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na viwili Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Dar es Salaam, yenye chuo kikongwe kuliko vyote nchini, haikupata hata kimoja. Kwa hiyo ushindani unaweza kumnyima mkubwa. Nilisikia manung'uniko ya hapa na pale Mlimani, kwenye chuo hicho kikongwe, na kwa kweli yalinifurahisha kidogo.

Mpango ule una somo lingine lililofichika kwenye maandishi madogo. Vituo vililipwa kwa matokeo, na tokeo mojawapo lilikuwa mapato yanayotoka nje ya mradi. Wazo zuri: likulazimishe utafute wateja. Ila kwenye hesabu, ada za wanafunzi, kazi za ushauri, michango na ruzuku nyingine vyote viliingia kapu moja. Shilingi ya mkulima aliyenunua mbegu na shilingi ya mfadhili mwingine zikawa na uzito mmoja. Ukiwa mkuu wa kituo na una miezi sita ya kufikisha lengo, utamkimbilia yupi? Mfadhili ana ofisi, ana barua pepe, analipa kwa mkupuo. Mkulima analipa baada ya mavuno.

Mwenye wazo ni nani?

Hapa pana fundo ambalo sera nyingi hulipita juu juu. Fedha za ushindani zikizaa kitu, kitu hicho ni cha nani: mhadhiri, mwanafunzi, chuo au mtoa fedha?

Norway ilitoa jibu kwa njia ya maumivu. Hadi 2003 profesa wa chuo kikuu alimiliki uvumbuzi wake mwenyewe, hata kama ulifanyika kwa mshahara na maabara za umma. Serikali ikaona chuo kinapunjwa, ikabadilisha: theluthi mbili zikaenda kwa chuo, theluthi moja ikabaki kwake. Lengo lilikuwa kuvihamasisha vyuo vibiasharishe. Wachumi walipokwenda kupima walikuta kampuni mpya zinazoanzishwa na wanazuoni zimeporomoka kwa karibu nusu, na hataza nazo vivyo hivyo. Chuo kilipewa hisa kubwa ya keki, mpishi akavua aproni.

Afrika Kusini iliweka sheria yake ya mali bunifu zitokanazo na fedha za umma mwaka 2008, ikiegemea upande wa taasisi. Kwetu jambo hili limeachiwa zaidi sera za chuo kimoja kimoja, na mikataba ya ruzuku yenyewe. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa nne pale karakana kama anajua asilimia yake ni ngapi. Mimi nimeuliza. Wengi wanacheka, mmoja aliniambia, "Kaka, tupate kwanza cha kugawana."

Na mhadhiri je? Yeye anapiga hesabu kama mtu yeyote mwenye watoto shuleni. Cheo kinapanda zaidi kwa machapisho. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kutenga shilingi bilioni 1 kuwatuza wahadhiri watakaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, shilingi milioni 50 kwa andiko litakaloshinda. Ni ushindani pia, tena wa wazi na wenye zawadi nono, na sina tatizo na nchi inayomtuza mwanasayansi wake. Lakini mtu huyohuyo tunamwomba asindikize kampuni changa, kazi ya miaka mitano ya kuhangaika na usajili BRELA, viwango TBS na mafundi, ambayo ikifaulu haimpi pointi na ikifeli inampotezea machapisho mawili. Atakachochagua kinajulikana kabla hajakichagua.

Halafu kuna fedha yenyewe ikishafika. Niliwahi kusaidia mradi mdogo wenye ruzuku ya ushindani, katika taasisi nisiyoitaja. Fedha ziliingia Mei. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30. Tulichohitaji ni pampu iliyokuwa imekaa dirishani kwenye duka moja la mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, dakika ishirini kwa bodaboda. Lakini ruzuku ikishaingia akaunti ya taasisi ya umma inakuwa fedha ya umma, na manunuzi ya umma yana ngazi zake: ombi, kibali, zabuni kwenye mfumo, mzabuni aliyesajiliwa. Mzabuni aliyeshinda, nilikuja kugundua, aliinunua pampu kwenye duka lilelile. Ilitufikia Septemba. Katikati hapo kila mmoja wetu alichukua masurufu ya safari na kuyarejesha kwa risiti za EFD, na mwisho wa mradi ripoti yetu ilisifiwa kwa usafi wa hesabu. Pampu ilifanya kazi wiki mbili za mwisho.

Sisemi taratibu zile ziondolewe. Kila kifungu kina wizi wa zamani kilichozaliwa kuuzuia. Ninachosema ni kwamba mjasiriamali anaishi kwa kununua leo, kukosea kesho na kubadilisha keshokutwa, na bajeti iliyopitishwa na jopo mwaka uliopita haimruhusu kukosea. Ukigundua mwezi wa pili kwamba kioo ni ghali na nailoni inatosha, unaandika barua ya kuomba kuhamisha fungu. Wengi wanaamua bora waendelee na kioo.

Ndiyo maana ninaamini ushindani unafaa pale tu ambapo chini yake kuna sakafu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kujenga sakafu ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Ujerumani: taasisi ya ubunifu wa uzalishaji iliyojulikana kama IPI, ambayo baadaye ilirithiwa na kituo cha kuendeleza na kuhawilisha teknolojia, TDTC. Ilikuwa na karakana, mafundi wa kudumu, na kazi ya kutengeneza mashine ambazo viwanda vidogo vingeweza kuzitumia. Karakana yenye fundi anayelipwa mwaka mzima, elektrodi za kuchomelea na umeme usiokatwa kwa deni haiingii kwenye andiko lolote la miezi kumi na minane. Lakini bila hiyo, anayeshinda ruzuku anaanza kwa kununua mashine ya kuchomelea, na ruzuku inaishia hapo.

Kwenye upande wa kuchagua pia kuna mabadiliko ninayoyapa moyo. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, yana makundi saba, kuanzia shule za msingi hadi vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na moja ni la wabunifu wa mfumo usio rasmi. Fundi asiye na cheti anasimama na kifaa chake, anakiwasha, anaeleza kwa Kiswahili. Wanavyuo wanakaa banda la jirani, na nadhani hilo linawasaidia kuliko semina yoyote, maana fundi wa Gerezani hawezi kujificha nyuma ya slaidi. Kitu chake kinawaka au hakiwaki. Laiti maandiko ya vyuo nayo yangepimwa nusu kwa karatasi na nusu kwa kwenda kumuuliza mtu ambaye mradi unasema utamsaidia.

Yule kijana hakulirudisha sanduku karakana. Aliliacha Kunduchi wiki tatu, na jibu likapatikana: ndoo moja na nusu. Yule mama alicheka, akamwambia yeye akianika juani anamaliza ndoo sita kabla ya adhuhuri, na sanduku lina faida masika tu, mvua ikinyesha na dagaa wanaoza juu ya chanja. Kijana akaondoa kioo, akaweka nailoni, akarefusha fremu kwa mbao za mabanzi, feni zikawa mbili. Masika iliyofuata wanawake wawili walimlipa shilingi elfu mbili kwa ndoo.

Mwezi uliopita nilimkuta anajaza fomu ya shindano la nne. Fomu ina kisanduku cha tuzo ulizowahi kushinda, kisanduku cha wabia wa kimataifa, kisanduku cha idadi ya wanufaika tarajiwa ifikapo mwaka wa tano. Alikuwa ameitembeza juu na chini akitafuta pa kuandika zile elfu mbili mbili.

"Kaka, niziweke wapi?"

Tuliziweka kwenye "Mengineyo".